Zulia Lililolowa: Anza na Mgongo

Dada mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, amenitumia ujumbe na picha tatu. Tangi la juu lilifurika usiku, maji yakashuka mpaka sebuleni, na leo ni siku ya tatu zulia limelala palepale sakafuni, pangaboi likizunguka juu yake. Anauliza anunue dawa gani ya kuondoa harufu. Dadangu, pesa ya dawa iweke kwanza. Ligeuze zulia.

Pangaboi hukausha manyoya ya juu tu. Mgongo umebanwa na saruji, hauna pa kupumulia. Ukipapasa juu utasema limekauka, ukipitisha kiganja chini kinatoka na majimaji. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na hapa kwetu, masika hasa, hewa yenyewe imebeba maji. Kila saa zulia linapolala chini inahesabika.

Kabla hujakanyaga, zima swichi kuu, kwa sababu nyaya za ekstensheni huwa zimepita chini ya makochi. Toa fanicha. Isiyotoka, iwekee vifuniko vya plastiki chini ya miguu: mbao mbichi hutoa rangi ya hudhurungi, misumari hutoa kutu, na alama hizo zikishika sufi, yaani manyoya ya kondoo, hutoka kwa shida.

Halafu jiulize maji yametoka wapi. Ya tangi au ya bomba yanakupa muda kidogo. Ya barabarani, yaliyopita kwenye mashimo ya choo, hayana mjadala: kapeti la ukuta hadi ukuta na sponji yake vitupwe. Zulia la sufi la thamani lipelekwe kwa fundi wa kuosha siku hiyohiyo. Na tuelewane: kuondoa najisi ili paswalike ni jambo moja, kuua vijidudu ni jambo jingine.

Hujui kama ni sufi? Chomoa uzi mmoja mgongoni, uuchome nje kwa kiberiti. Sufi hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika. Uzi wa plastiki, kama wa mazulia mengi ya mashine, huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Jibu hilo ndilo litakaloamua sabuni, maji na jua.

Kutoa maji, mashine ya kunyonya maji ndiyo bora. Ile ya vumbi usiiguse, inaweza kukurusha na umeme. Huna mashine, litandaze juu ya nyumba au barazani penye mteremko, usukume maji kwa mpira wa kufutia sakafu kufuata manyoya yanakolalia, ukirudia mpaka yasitoke. Usilikamue. Usilikunje pia, liviringishe kama mkeka, watu wawili wabebe, kwa sababu zulia bichi huvunjika nyuzi za ndani kwa uzito wake. Na msilipeleke kwenye kuosha magari. Ule mfereji wa nguvu hung'oa manyoya na kusukuma uchafu mgongoni, kisha unarudishiwa zulia likiwa bado bichi.

Sufi ni shampuu laini, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5 za maji baridi, na brashi laini. Sabuni ya unga ni kali kwake, na dawa ya klorini huila sufi kabisa. Kwanza bonyeza kitambaa cheupe kibichi juu ya rangi nyekundu kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, acha kuosha, kausha haraka. Kisipotoka, suuza ya mwisho iwe na mililita 60 za siki nyeupe kwa lita 4 za maji. Siki na klorini zisikutane hata ndooni, hutoa gesi ya sumu.

Sasa, kosa la hapa pwani ambalo watu hawalioni. Maji mengi ya visima Mombasa ni ya chumvi. Ukisuuzia hayo, chumvi hubaki kwenye nyuzi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana zulia "lililokauka" mwezi jana linateleza teleza kama limetoka jasho siku ya mawingu. Osha kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, angalau madumu mawili ya lita 20. Maji matamu ni ghali, najua. Zulia ni ghali zaidi.

Kwa kukausha, kitanda cha kamba hakina mfano: hewa inapita juu na chini. Huna, panga matofali au viti vya plastiki. Kamba moja ya nguo hulivuta likapinda, na ukuta wa chokaa huharibu sufi, basi tandika nailoni kwanza. Sufi ikae kivulini. Anika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, mgongo juu kwanza. Likiwa ndani, feni ya kusimama ielekezwe chini ya zulia, na baada ya magharibi funga madirisha, maana hewa ya usiku ni nzito.

Sakafu nayo hunywa maji. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache saa 16. Ukikuta matone chini yake, zulia lisirudi bado.

Kwako wa Tudor: likishakauka kabisa, ndipo unyunyize beking soda, ilale usiku mmoja, uivute kwa mashine asubuhi. Madoa meusi mgongoni yasuguliwe nje, umefunga barakoa. Halafu shika pembe moja, ipinde polepole ukiisogeza sikioni. Ikiwa kimya, zulia lipo. Ikilia kama kijiti kikavu kinachokatika, uzi wa ndani umeshaoza, na hakuna sabuni ya kuurudisha.