Shule ya Sheria haipitwi kwa madesa, na mtihani wenyewe nao ubadilike

Vijana waliomaliza shahada ya sheria na wanaojiandaa kwenda Shule ya Sheria ya Tanzania, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, kusomea uwakili huniuliza swali lilelile kila msimu: "Kaka, huna madesa?" Yaani zile notisi na majibu ya kukariri yanayorithishwa. Huwa nawapa, maana kumnyima mtu madesa ni uchoyo tu. Ila nawaambia kabisa kwamba wengi waliodisko, yaani walioondolewa masomoni kwa kufeli, walikuwa na madesa hayohayo.

Hofu yao naielewa. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yalizua gumzo nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopewa sapu, yaani kurudia mitihani waliyofeli, walikuwa 342, na 265 wakaambiwa waende nyumbani. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Huku mitandaoni watu wakagawanyika: hawa wakasema vyuo vikuu vinatoa wahitimu wasiojua kuandika hata aya moja iliyonyooka, wale wakasema shule inafelisha makusudi. Nimepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo mbalimbali, na nakiri kundi la kwanza lina hoja. Lakini katika kelele zile, waliouliza mtihani wenyewe ulikuwa unapima nini walikuwa wachache mno.

Chukua kesi ya kawaida kabisa. Mama mmoja anaingia ofisini na bahasha ya kaki. Ndani kuna hati ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono, mihuri miwili ya serikali ya mtaa, na risiti zimekunjwa mpaka zinachanika. Anasema jirani amesogeza uzio. Kijana aliyekariri anaweza kukuandikia kurasa nne juu ya mamlaka ya mabaraza ya ardhi bila kukosea kifungu. Mwambie sasa amhoji yule mama. Atauliza jina, atauliza ukubwa wa eneo, kisha ataanza kuandaa maombi ya kupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Swali la "Mama, mlishakwenda Baraza la Kata?" halimjii. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na kwa kawaida bila uthibitisho wake kwamba usuluhishi umeshindikana, Baraza la Wilaya haligusi shauri lako. Upande wa pili utaleta pingamizi la awali, shauri litaondolewa, na mama atakuwa amelipa ada, nauli na wewe wakili, huku uzio uko palepale.

Kifungu hicho kijana alikuwa anakijua. Alichokosa ni mazoea ya kukaa na mtu na kukumbuka sheria huku anamsikiliza, na hayo hayapatikani kwenye desa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu ile miezi ya mafunzo kwa vitendo. Wengi huichukulia kama mapumziko baada ya mitihani: kubeba mafaili, kupiga kopi, kusaini daftari la mahudhurio, kupiga picha nje ya mahakama ukiwa na suti nyeusi. Usikubali. Mwombe msimamizi akupe faili lililokwisha, usome maelezo ya mteja peke yake, uandae hati ya madai mwenyewe, halafu ndipo ufungue ile iliyosajiliwa mahakamani na kulinganisha. Kulinganisha huko kunauma. Utaona umeeleza hadithi nzima ya ugomvi na hukusema popote kwa nini mahakama ile ndiyo yenye mamlaka.

Fanya hivyohivyo na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anayaapia. Inaonekana kama kazi ya karani, kumbe ndipo mashauri mengi yanapofia. Angalia kila aya: jambo hili mwapaji analijua mwenyewe, au ameambiwa? Kama ameambiwa, na nani? Je, umechomeka hoja ya kisheria mahali panapotakiwa ukweli mtupu? Kisha shuka mpaka chini kabisa, pale kamishna wa viapo anaposaini. Sheria inataka pawe na mahali na tarehe ya kuapa. Nimeona hati nzuri kupindukia, Kiingereza cha kumeremeta, mahali pa kutaja mji pakiwa nukta tupu. Wakili wa upande wa pili akatabasamu kabla hata hajasimama.

Kuhusu kuchagua ofisi, usikimbilie jina kubwa. Tafuta wakili anayekwenda mahakamani mwenyewe na anayerudisha rasimu yako imejaa wino mwekundu. Kwenye ofisi kubwa unaweza kumaliza muda wako wote hujamwona mteja hata mmoja, isipokuwa pale mlangoni akiulizia choo. Na ukitunza nakala za kazi zako kwa ajili ya kujifunza, omba ruhusa kwanza, kisha ondoa majina na chochote kinachomtambulisha mteja. Siri yake haiishi kwa sababu wewe bado ni mwanafunzi.

Sasa upande wa wenye mamlaka. Kabla Shule haijaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, aliyetaka uwakili alifanya mafunzo kazini kisha akahojiwa ana kwa ana na Baraza la Elimu ya Sheria. Wakongwe husimulia usaili ule kwa majivuno, ingawa sina hamu nao. Kuulizwa maswali kwa dakika chache ni bahati nasibu. Lakini ulikuwa na kitu tulichokipunguza mno: mtahini alikusikia ukiongea.

Wenzetu wanajaribu njia nyingine. Kenya, mtihani wa uwakili una alama 60 za kuandika, 20 za mahojiano na 20 za kazi ya mradi. Uingereza, tangu 2022, sehemu ya pili ya mtihani wa mawakili inamweka mtahiniwa mbele ya mwigizaji anayejifanya mteja. Jimbo la Oregon kule Marekani limekwenda mbali zaidi. Tangu 2024, mhitimu anaweza kuacha mtihani wa kawaida, akafanya kazi saa 675 chini ya wakili, kisha akawasilisha jalada la kazi zake: maandiko manane, mahojiano mawili ya wateja na majadiliano mawili na upande wa pili. Wanaosahihisha ni watahini wa jimbo, si yule wakili aliyemsimamia.

Hapo mwisho ndipo tunapopaswa kuiga. Najua pingamizi litakalokuja: hapa kwetu msimamizi atamsainia mpwa wake. Ni kweli, atamsainia. Ndiyo maana jalada lisahihishwe na watu wasiomjua kijana, majina yote yakiwa yamefutwa, na kijana aitwe kulitetea kwa mdomo. Mtihani wa kuandika ubaki kwa mwenendo wa madai, wa jinai na maadili, lakini usiwe peke yake wenye kauli. Ugumu wa kweli naouona uko mikoani, ambako mawakili wa kusimamia ni wachache. Huko tuwatumie mahakimu, mawakili wa serikali na mashirika ya msaada wa kisheria.

Na lugha nayo iangaliwe. Sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini mwanafunzi bado anafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Yule mama wa bahasha haongei Kiingereza. Kumhoji kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha kumwandikia barua ya ushauri anayoielewa, ni ujuzi wa kutunukiwa alama kama ujuzi mwingine wowote.

Mpaka hayo yafanyike, mtihani ni huuhuu uliopo. Ukipata sapu, mdogo wangu, usinunue madesa mapya. Chukua swali la zamani, weka saa mezani, andika jibu zima bila kufungua kitu, kisha mpelekee wakili au hakimu unayemheshimu na umwombe akuonyeshe aya ya kwanza iliyomchosha. Rudia kuanzia aya hiyo.