Rebeka wa mageti ya Wales alikuwa nani?

Hakuwa mwanamke. Lilikuwa jina la kificho la viongozi wa wakulima waliovunja mageti ya ushuru wa barabara kusini-magharibi mwa Wales, 1839 na tena 1842 hadi 1843. Walivaa magauni na kupaka nyuso masizi wasitambulike. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina limetoka Mwanzo 24:60, Rebeka anapobarikiwa uzao wake urithi lango la wanaowachukia.

Kilichowaudhi hasa ni ushuru wa kusafirisha chokaa. Udongo wa kule una asidi, bila chokaa mavuno ni haba. Barabara ziligawanywa kwa bodi nyingi za kuzitunza, kila moja na mageti yake, na ukusanyaji ukakodishwa kwa mawakala waliotaka kurudisha fedha yao. Wakaongeza mageti madogo kwenye njia za kando kuwanasa wanaokwepa. Mkokoteni mmoja ulilipa mara kadhaa, hata ushuru ukaweza kuzidi bei ya chokaa tanurini.

Ila si mageti tu: Juni 1843 walivamia pia nyumba ya maskini ya mji wa Carmarthen, ambako wasiojiweza walipewa msaada kwa kufanyishwa kazi. Sheria ya 1844 iliunganisha bodi hizo kikaunti na kupunguza ushuru wa chokaa kwa nusu.