Tope la chuma: mafuta kwanza, sumaku baadaye

SWALI: Mhandisi, mashine zetu za kusawazisha vyuma kwa mawe ya kusagia zinatoa tope zito jeusi. Tunalipitisha kwenye sumaku ili tuuze chuma kikayeyushwe upya, lakini mnunuzi analirudisha akisema bado ni chafu. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnakosea mpangilio. Ndani ya tope hilo mna unga wa chuma, maji, mafuta ya kupozea na chenga za jiwe lenyewe, ambazo mara nyingi ni alumina au silikoni kabaidi, vitu vigumu vinavyotumika kusagia. Chenga hazivutwi na sumaku, lakini mafuta yamezigandisha kwenye chuma. Chuma kikivutwa, nazo zinafuata.

Jaribuni hivi, mkiwa mmevaa glavu. Tieni kijiko cha tope kwenye chupa ya kioo yenye maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi, mtikise sana, kisha mshikilie sumaku nje ya chupa huku mkimimina maji kwenye kopo. Rudieni mpaka maji yatoke safi. Acheni kopo litulie: utando wa juu ni mafuta, na ule mchanga laini wa chini ndio mliokuwa mkimuuzia mnunuzi kwa bei ya chuma. Haishangazi alinuna.

Kiwandani, kamueni tope kwanza kwa shinikizo. Mafuta yanayotoka hapo yakichujwa vizuri huweza kurudi mashineni. Halafu lioshwe kwa maji ya nyuzi 60 hadi 80 yenye dawa ya alkali, ndipo sumaku ifuate. Maji ya kuoshea yasafishwe, yasimwagwe mtaroni. Mwishowe kausheni unga na kuugandamiza uwe briketi, yaani vitofali vidogo, kwani unga mtupu hupeperushwa na moshi wa tanuri, na maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kulipuka.

Kuna watakaowaambia mchome mafuta tu, yaishe. Msikubali kabla ya kujua viambato vyake. Mafuta mengi ya kukatia vyuma yana salfa, fosforasi au klorini. Salfa ikibaki hufanya chuma kipasuke kinapofuliwa kikiwa cha moto, na klorini ikiungua vibaya huweza kuzalisha dayoksini, ambayo ni sumu kali.

Tope lililokamuliwa msilirundike muda mrefu. Unga wa chuma wenye unyevu hushika kutu haraka, kutu hiyo hutoa joto, na rundo lenye mafuta linaweza kuwaka lenyewe.