Wanaiita pamba, kumbe ni plastiki

Nalea klabu ya mazingira katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na somo la jinsi nguo zinavyochafua mazingira lilinishinda kwa muda mrefu. Mara ya kwanza nilisimama ubaoni nikaeleza hewa ukaa na mabadiliko ya tabianchi. Walinisikiliza kwa adabu, kengele ikalia, wakatoka wakipanga nani atavaa nini siku ya mahafali.

Siku hizi naanza na kiberiti.

Mtu akipendeza, vijana husema "kapiga pamba". Basi namwomba kila mmoja aje na uzi aliouchomoa kwenye pindo la nguo anayoipenda. Tunakwenda uwanjani, mbali na majani makavu, ndoo ya maji pembeni, uzi tunaushika kwa koleo. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja, huyeyuka, hunuka plastiki, na ukipoa hubaki kitonge cheusi kigumu kama shanga. Nikisema hapo kwamba poliesta hutokana na mafuta ghafi, yale yale yanayotupa petroli, hakuna anayebisha. Wenyewe ndio huuliza: "Madam, sasa hii ikitupwa inaoza lini?" Nawaambia hata kabla ya kutupwa, kila ikifuliwa humwaga vinyuzi visivyoonekana, vikafuata maji ya mtaro hadi Mto Msimbazi na baharini.

Pamba nayo siitetei. Fulana moja hukadiriwa kuhitaji lita 2,700 za maji tangu shambani, yaani ndoo 135 za lita 20. Mtoto aliyewahi kupanga foleni bombani anaielewa namba hiyo kuliko mimi.

Nawe ukitaka kuwafundisha vijana, baada ya kiberiti wapeleke soko la mitumba. Sisi huenda Karume asubuhi, belo linapofunguliwa. Tafadhali usiwafundishe kudharau mitumba: familia nyingi zinakula kwa biashara hiyo, na nguo inayovaliwa tena ni nguo iliyookolewa. Waonyeshe kilichobaki chini ya belo, blauzi zilizovutika, zipu zilizokufa, vitu vilivyoshonwa kwa msimu mmoja. Muuzaji alilinunua likiwa limefungwa. Hasara ni yake, na taka zinabaki kwetu, ingawa aliyezivaa yuko mbali.

Hesabu nazo husaidia. Blauzi ya shilingi 10,000 iliyovaliwa mara 2 imekugharimu 5,000 kila ulipoivaa. Gauni la 30,000 ukilivaa mara 60, ni 500 tu.

Ila usimwaibishe kijana. Niliwahi kumkemea binti yangu mbele ya binamu zake kwa sababu ya kitopu cha bei rahisi, na kwa miezi mingi akawa ananificha kila alichonunua. Nilikosea. Sikuwa nimeelewa uzito wa kuonekana na nguo ile ile kwenye picha mbili, na kwa umri wake uzito huo ni wa kweli. Kilichoturudisha pamoja ni cherehani ya jirani yetu, fundi aliyekubali kumfundisha Jumamosi. Gauni lake la Idi ya mwaka juzi limepunguzwa mikono na kuongezwa mfuko, na bado analivaa akienda tuisheni. Mfuko ameushona mwenyewe, umepinda kidogo, na hataki niuguse.