Jibu: Steki inatoa maji, chipsi zinalegea

Dada, umesema steki yako inatoa maji na kugeuka kijivu, na chipsi zinalegea. Adui wako ni unyevu. Mwambie mwenye bucha akukatie sarara, ile nyama laini ya mgongoni, unene wa sentimita 3. Ipake chumvi asubuhi, iache kwenye friji bila kuifunika. Jioni utaikuta kavu juu, inanata kidogo ukiigusa. Papai usipake kabisa, sarara ni laini tayari, itarojeka.

Kikaango kizito cha chuma kipate moto hadi mafuta yaanze kufuka, kisha weka kipande kimoja kimoja. Ukivirundika, nyama inajichemsha kwa maji yake, ndiyo hiyo kijivu. Geuza kila dakika, jumla kama dakika 7. Mwishoni tupia siagi na kitunguu saumu, siagi ikitoa povu uichote kwa kijiko uimwagie nyama. Harufu yake, dada yangu, utaipenda!

Chipsi kaanga mara mbili: kwanza moto wa wastani mpaka ziive bila kubadili rangi, zipoe. Nyama ikiwa inapumzika dakika 5, zirudishe kwenye mafuta ya moto mkali.