Kwa wahadhiri wapya wa uhandisi wa reli: anzeni na uzi

Vitabu vingi vya somo hili vinachukulia reli ya upana wa milimita 1,435. Lakini reli ambayo wanafunzi wako wanaiona kila siku, ile ya Njoro, Molo, Londiani, Muhoroni na Kibos, iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Usipolisema hilo mapema, hesabu za kona zitaharibika zote.

Mwinuko wa reli ya nje kwenye kona hupatikana hivi: zidisha umbali kati ya katikati ya vichwa vya reli mbili (mm) kwa mraba wa kasi (km kwa saa), kisha gawanya kwa 127 mara rediasi (m). Kwa rediasi ya mita 200 na kasi ya 40, reli yetu hutumia kama 1,060 na jibu ni milimita 67. Aliyenakili 1,500 ya kitabuni anapata 94. Kwa mwinuko huo, treni ya mizigo inayopanda polepole kuelekea Mau italalia reli ya ndani, na kichwa cha reli hiyo kitabonyea upesi. Hata hiyo 67 ni ya mlingano kamili, yaani treni inayopita kwa 40 hasa huzilalia reli zote mbili sawasawa. Kazini huwekwa pungufu, kwa kuwa treni hazipiti kwa kasi moja.

Kompyuta ingoje. Omba ruhusa ya maandishi ya Shirika la Reli, upewe reli ya kando isiyotumika, na hata hapo awepo mtu asiye na kazi nyingine ila kuangalia treni. Wanafunzi waweke alama za chaki kila mita 10 kwenye reli ya nje, wavute uzi wa mita 20 upande wa ndani wa kichwa chake, kisha wasome kwa rula pengo kati ya uzi na reli, katikati ya uzi. Gawanya 50,000 kwa rediasi upate milimita zinazotarajiwa: mita 200 hutoa 250. Uzi uwe wa nailoni, mwembamba, uliokazwa. Kisumu pimeni asubuhi. Upepo wa ziwa wa alasiri huupinda uzi, na mwanafunzi ataulaumu mkono wa mwenzake.

Tambarare za Miwani na Kibos zinafundisha jambo jingine: udongo mweusi. Ukilowa, uzito wa treni huusukuma juu hadi kwenye kokoto, tope hujaza mapengo, na mataruma hubaki yakicheza. Karibu kila darasa litajibu "tuongeze kokoto". Uliza maji yanatokea wapi. Mtaro ukiwa umeziba, kokoto mpya nazo zitajaa tope.

Kwenye mtihani, toa vipimo badala ya kuomba maelezo. Kwa mfano, mapengo ya uzi kwenye alama tano zinazofuatana, ya kusawazishwa: 250, 240, 270, 240, 250. Wengi watasogeza reli kwenye alama tatu. Inatosha kuisogeza kwenye alama ya katikati tu, milimita 20 kuelekea ndani ya kona: kipimo chake kinashuka kwa 20, majirani wanapanda 10 kila mmoja, na zote zinakuwa 250. Kisha waambie alama hiyo iko juu ya daraja, ambapo reli haisogezwi, waanze upya.