Mgongo wa barua: majibu kwa waliouliza kuhusu makarani wa Dublin

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu makaratasi ya serikali ya Ayalandi ya miaka ya 1818 na kuendelea. Nilidhani watasoma watu watatu, wawili kati yao wastaafu wenzangu wa masijala. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuwa mengi, mengine yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha.

Shikamoo Mzee. Umetaja Mfalme, Naibu wake, Katibu Mkuu na Katibu Msaidizi. Mwenye nchi hasa alikuwa nani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tuanze na mkataba. Tarehe 1 Januari 1801 Ayalandi iliunganishwa na Uingereza, Bunge lililokuwa Dublin likafa, na wabunge 100 wakawa wanavuka bahari kwenda kukaa London. Mtu angetegemea serikali nayo ihamie huko. Haikuhama. Pale katika Kasri la Dublin, makao ya serikali, alibaki Naibu wa Mfalme, bwana mkubwa wa kupokea heshima na kutia saini. Chini yake alikuwepo Katibu Mkuu, ambaye ndiye mwanasiasa mwenyewe.

Sasa tazama kasoro. Katibu Mkuu alikuwa mbunge pia, kwa hiyo Bunge likikaa, yeye yuko London kwa miezi. Robert Peel, aliyeshika kiti hicho 1812 hadi 1818 na baadaye akawa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliendesha sehemu kubwa ya kazi kwa kuandikiana na Dublin. Aliyebaki mezani, asubuhi hadi jioni, ni Katibu Msaidizi, William Gregory. Alikalia kiti mwaka ule ule wa 1812 akakaa karibu miaka 18. Makatibu Wakuu walikuja na kuondoka: Peel, Grant, Goulburn, na wengine baada yao. Gregory yupo. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua jibu la swali lako: mwenye nchi ni yule anayejua jalada liko wapi.

Barua ikifika pale Kasri ilikuwa inafanywaje? Nami ni karani, nataka kulinganisha. (Dodoma)

Swali la mwenzangu hili, nitalijibu taratibu.

Mwaka 1818 ofisi ya Katibu Mkuu ilianza utaratibu mpya wa kusajili barua zinazoingia. Kila barua ilipewa namba, ikaandikwa kwenye daftari la mwaka, na kuwekwa mahali pake. Ni masijala tu, wala usifikirie kitu cha ajabu. Ila jalada kama letu, lenye gamba na folio zilizotobolewa zikafungwa kwa uzi, halikuwepo. Karatasi yenyewe ndiyo ilikuwa jalada.

Ichukue mkononi. Ni karatasi kubwa nene ya matambara, imekunjwa kwa urefu ikawa kama rula pana. Ndani kuna barua: wino uliogeuka rangi ya kutu, mwandiko ulioinama. Ukiigeuza, kwenye ule mkunjo wa nje, karani ameandika kwa ufupi: tarehe, jina la aliyeandika, mahali, na mstari mmoja au miwili ya anachotaka. Juu yake namba ya usajili. Pembeni, kwa mkono mwingine ulioandika kwa haraka, kuna agizo: ipelekwe kwa jaji aliyesikiliza kesi, aulizwe hakimu wa wilaya, ajibiwe kwamba hakuna la kufanya.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaotaka kusoma makaratasi haya waanze na mgongo. Upande wa mbele utamwona raia akilia. Serikali yenyewe utaikuta mgongoni, ikizungumza na nafsi yake ikidhani hakuna anayesikiliza. Sisi tunaita dokezo. Niliwahi kufungua jalada la mafao ya mjane mmoja katika ofisi niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja. Barua zake ndani zilikuwa nane, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Dokezo la mwisho lilikuwa neno moja: “Tuzungumze.” Limeandikwa miaka minne kabla. Kama walizungumza au hawakuzungumza, mama wa watu hakupata kitu mpaka siku ile.

Wakulima wa Ayalandi walikuwa maskini na hawajui kusoma. Hizo barua waliandikaje? (Mombasa)

Umepiga penyewe. Sensa ya 1841 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa miaka mitano kwenda juu, asilimia 53, hawakujua kusoma wala kuandika. Tena wengi, hasa magharibi, walikuwa wakizungumza Kiayalandi nyumbani, na serikali ilisoma Kiingereza tu.

Kwa hiyo palikuwa na mtu wa katikati. Wakati mwingine padri, wakati mwingine mwalimu wa zile shule za vichochoroni, walikofundishwa watoto wa Kikatoliki kwa ada ndogo katika kibanda au ghala. Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa na kalamu na maneno makubwa. Nyinyi wa pwani mnawajua waandishi wa barua waliokaa nje ya posta na taipureta zao, mtu anaeleza shida yake kwa lugha ya nyumbani na inatoka kwenye karatasi ikiwa imevaa kanzu na koti. Ndivyo ilivyokuwa.

Na kanzu yenyewe ilikuwa na mshono mmoja. Ombi linaanza kwa kumtaja mkubwa kwa vyeo vyake vyote, kisha “ombi la unyenyekevu la fulani”, kisha “linaonyesha kwamba”, na kuanzia hapo mwombaji anatajwa kama mtu wa tatu mpaka mwisho: mwombaji ana mke na watoto sita, mwombaji ameshika shamba lake kwa uaminifu. Linafungwa kwa ahadi kwamba mwombaji, kama ulivyo wajibu wake, atakuombea daima kwa Mungu. Ahadi hii ilizoeleka mno hata waandishi wakawa hawaimalizi: wanaandika maneno mawili na kuweka alama ya “na kadhalika”. Dua kwa kifupisho! Usicheke sana, maana nasi tunaandika “Husika na kichwa cha habari hapo juu” bila kujiuliza nani anahusika na nini. Mwenyewe mwombaji, kama hajui kuandika, alichora msalaba mdogo, na jina lake likaandikwa kando yake.

Walijibiwa? (Nakuru)

Wengi, ndiyo. Kusaidiwa ni jambo jingine.

Chukua maombi ya wafungwa, ambayo ni mengi kweli kweli. Mtu ameiba kondoo, amehukumiwa kupelekwa New South Wales huko Australia, upande wa pili wa dunia, kwa miaka 7 au maisha. Mkewe au mama yake anamwandikia Naibu wa Mfalme, ambaye alikuwa na mamlaka ya kusamehe. Ombi linapelekwa kwa jaji aliyehukumu ili atoe maoni. Jaji anaandika kwamba ushahidi ulitosha. Na mgongoni pa ombi karani anaandika maneno ambayo hata leo unayasikia kwenye taarifa ya habari: sheria ichukue mkondo wake. Wapo waliopunguziwa, na hao mara nyingi walikuwa na barua ya padri, ya tajiri wa kijijini, au ya hao wote wawili. Wapo pia wanawake walioona msamaha hautapatikana wakabadili ombi: basi na mimi nipelekwe huko huko pamoja na watoto, kwa gharama ya serikali.

Ubaya mkubwa ulikuwa kwenye malalamiko dhidi ya wakubwa wa vijijini. Kasri lilikuwa mbali na mashamba, hivyo liliomba taarifa kutoka kwa hakimu wa mahali. Mahakimu hao walikuwa hawalipwi mshahara. Walikuwa wenye ardhi wenyewe, karibu wote Waprotestanti, katika nchi ambayo takriban watu wanne kati ya watano ni Wakatoliki. Mpangaji akimlalamikia bwana shamba, barua inaweza kurudi wilayani ikaangukia meza ya jamaa yake, au hata yake mwenyewe. Kesi ya nyani, hakimu ni ngedere. Serikali ililiona tatizo polepole: Peel aliunda kikosi cha polisi cha 1814 chini ya mahakimu wanaolipwa, ikaja sheria ya polisi ya 1822, kisha 1836 polisi wote wakawekwa chini ya Dublin. Hakimu mkazi, cheo tunachokijua hapa kwetu, alikuwepo Ayalandi katika karne hiyo hiyo.

Na mara moja moja Kasri liliwageukia wakubwa. Mwaka 1838 mahakimu wa kaunti ya Tipperary waliandika kudai sheria kali zaidi baada ya mauaji. Katibu Msaidizi wa wakati huo, Thomas Drummond, akawajibu kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake. Sentensi moja katika barua ya ofisi, na Ayalandi nzima iliikariri.

Niliona mahali jina la Kapteni Rock. Alikuwa ofisa wa jeshi? (Zanzibar)

Hakuwepo, sheikh wangu. Yaani alikuwepo kila mahali na hakuwepo popote. Lilikuwa jina walilotumia wakulima wenye hasira kuanzia 1821, magharibi mwa kaunti ya Limerick, ambako meneja wa shamba kubwa la familia ya Courtenay aliwabana wapangaji. Likaenea kusini yote hadi 1824: kodi, kufukuzwa mashambani, na zaka ambayo Mkatoliki alilazimika kulipa kwa kanisa la Kiprotestanti.

Kinachonifurahisha mimi kama karani ni matangazo yake. Yalibandikwa usiku kwenye milango, na yaliigiza lugha ya serikali: tarehe, amri, onyo, saini ya Kapteni. Asiyetii atajuta. Walichukua mtindo uleule uliowanyanyasa wakaugeuza. Na hakimu akilibandua tangazo alilituma Dublin kama kiambatisho, karani akalipa namba, akalikunja, akaandika mgongoni. Hivyo vitisho dhidi ya serikali vimehifadhiwa na serikali yenyewe, kwa usafi kabisa.

Kwa upande wa pili haikuwa mchezo. Chini ya sheria ya maasi ya 1822, katika wilaya zilizotangazwa, ukikutwa nje ya nyumba yako kati ya machweo na macheo bila sababu ya kuridhisha, ungeweza kupelekwa ng'ambo miaka 7.

Na ile njaa maarufu, inaonekana humo? (Kisumu)

Ile kubwa ya 1845 imo katika makaratasi ya baadaye. Lakini soma 1822. Mvua za mwaka uliotangulia ziliozesha viazi, na kaunti za Clare, Galway, Mayo, Kerry na Cork zikabaki tupu. Chakula kilikuwepo nchini. Kilichokosekana mifukoni ni pesa. Barua za mapadri na mahakimu zinaomba unga wa oti na mbegu za viazi. Serikali ilituma wahandisi, akiwemo Alexander Nimmo magharibi na Richard Griffith kusini, wajenge barabara ili watu wapate ujira, na kamati ya hisani huko London ilichanga takriban pauni 300,000.

Stempu ilikuwa bei gani? (Bujumbura)

Hakukuwa na stempu mpaka 1840. Kabla yake mara nyingi alilipa anayepokea, kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, ndiyo maana barua ilikunjwa yenyewe, ikafungwa kwa nta na kuandikwa anwani nje. Wabunge na viongozi wakuu barua zao zilipita bure, na bila shaka jamaa zao walijua hilo.

Nasikia nyaraka za Ayalandi ziliungua zote. Sasa hizi umezitoa wapi? (Muscat)

Ziliungua nyingi, si zote. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu lililokuwa Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, lililipuka na kuteketea. Sensa ya 1821, iliyohesabu watu milioni 6.8, karibu yote iliishia pale. Mabaki ya karatasi yalipeperuka juu ya mji.

Makaratasi ya Katibu Mkuu hayakuwa kwenye jengo hilo. Yalikuwa yamerundikwa ndani ya Kasri, katika mnara mkongwe wenye kuta nene, na Kasri lilikuwa limekabidhiwa kwa serikali mpya ya Waayalandi wenyewe Januari ya mwaka huo bila risasi kupigwa. Leo yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi, na maelezo ya barua za miaka ya mwanzo yamewekwa mtandaoni, barua moja moja, bila malipo. Tafuta mwaka 1822, andika Clare, na jioni yako imekwisha.

Aliyeuliza kuhusu masijala za Tanganyika ya Mwingereza anisubiri wiki ijayo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Katibu Mkuu wake, na migongo yake pia nimeisoma.